Usinunue rangi, nunua injini: orodha yangu ya injini za silinda nne kwa Unguja na Pemba

Msimu wa karafuu ukimalizika, simu yangu haipumziki. Wa kwanza kila mwaka ni mtoto wa ami yangu, yuko Wete. "Kaka, nimeona Toyota IST nyeupe, safi kabisa, nichukue?" Nikimuuliza ina injini gani, ananijibu ina spoti rimu na redio ya kioo. Safari hii nimeona bora niandike mara moja, awe ananisoma yeye na wenziwe.

Kwetu sisi gari haifi kwa kilomita. Kisiwa cha Unguja urefu wake ni kilomita 85 hivi, utakwenda wapi mpaka uimalize injini kwa mwendo? Gari zetu zinakufa kwa maji na oili. Visima vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na ukisogea pwani yana chumvi. Litazame birika lako la chai, ule ukoko mweupe wa chini ndio huohuo unaojijenga ndani ya rejeta ukijazia maji ya bomba kila wiki. Halafu mtu anashangaa gari yake kuchemsha akipanda kilima cha Pemba ilhali mjini haina neno.

Kwa hiyo mimi naangalia mambo matatu: injini ipi inavumilia uzembe wetu, ipi fundi wa chini ya mwembe anaijua, na spea za ipi hazingoji meli ya Dar. Nguvu na mbio nawaachia vijana.

Kabla ya orodha, jifunze kusoma herufi za namba ya chesisi, zimo kwenye kadi na kwenye kibati ndani ya boneti. Kwa Toyota nyingi zinazokuja kwetu, NCP na NZE ni jamii ya NZ. ZZE na ZNE ni ZZ. AZR ni AZ, ZRR ni ZR. KSP, zile Vitz ndogo za kuanzia 2005, ni silinda tatu na hazimo humu. Dalali akikwambia "hii ni Spacio tu, zote sawa", msomee herufi. Spacio ya NZE na Spacio ya ZZE ni ndugu wa sura, tabia mbali kabisa.

Ya kwanza: 1NZ-FE, na mdogo wake 2NZ-FE

Hii ndiyo ya IST ya 1.5, Raum, Probox, Spacio ya 1.5 na Vitz kadhaa. Cc 1497, valvu 16, nguvu za farasi 109 hivi, na inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Mdogo wake 2NZ ana cc 1298. Kwa mtu wa mjini anatosha, lakini ukiwa na familia ya watu watano na magunia ya kutoka shamba, chukua 1.5.

Imeshika nafasi ya kwanza si kwa sababu haiharibiki. Ila inapoharibika, kila fundi keshaiona. Gasketi ya kifuniko cha juu hutoa jasho la oili, ukiiachia oili inateremka mpaka kwenye visima vya plagi na gari inaanza kukosa moto. Pampu ya maji huvuja taratibu. Chungulia upande wa mkanda wa feni, ukiona mchirizi uliokauka, mweupe au wa waridi, bei ishuke. Mauntingi, ile mipira inayoishikilia injini, zikichoka gari inatetemeka ukiwa umesimama kwenye D na mguu kwenye breki, na watu huiogopa injini bure. Mlango wa hewa ukishika uchafu, mlio unapanda na kushuka wenyewe. Usafishwe, usinunue kompyuta ya injini.

Ugonjwa wake mkubwa tunaupanda wenyewe, nao ni kuchelewesha oili. Mfumo wake wa VVT-i, unaopanga wakati wa valvu kufunguka, unaendeshwa kwa shinikizo la oili, kuna valvu ndogo yenye kichujio chembamba. Oili ikigeuka halua, kichujio kinaziba, gari inakuwa nzito, cheni inalegea na kugonga asubuhi. Mwishowe ringi za pistoni zinashika na injini inaanza kula oili. Inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Yaani galoni la lita nne linabaki na kiasi cha kikombe, na kikombe hicho si lazima umalizie. Oili ikizidi nayo ni ugonjwa. Tia 5W-30 au 10W-30. Ile nzito ya 20W-50 waachie wenye lori za zamani.

Ya pili: 3ZR ya Noah

Kwa mwenye familia kubwa au anayebeba wageni wa Nungwi na Paje, Noah ya ZRR70, iliyotoka 2007, ina injini ya lita 2.0 yenye cheni na petroli inayochomwa kwa njia ya kawaida. Zipo mbili: 3ZR-FE ya kawaida na 3ZR-FAE yenye Valvematic, mfumo wa kubadilisha kiasi valvu zinavyofunguka. Chukua ya kawaida ukiipata. Valvematic ina kidhibiti cha umeme juu ya injini, kikifa gari inakosa nguvu, na kukipata si kazi ya siku moja. Zote mbili, angalia pampu ya maji.

Ya tatu: K3-VE na 3SZ-VE

Hizi ni za Daihatsu, ya 1.3 na ya 1.5. Utazikuta kwenye Cami, Terios na Rush. Si za kusifiwa sana wala za kutukanwa, zina cheni, na oili ikipuuzwa cheni inalia kama zingine zote. Nimeziweka hapa kwa sababu ya mwili wake: Rush imenyanyuka, na kwa mtu wa Pemba anayeacha lami kila siku kuingia mashambani, hilo lina thamani kuliko farasi kumi.

Ya nne: 5A-FE

Corolla 110 na Carina za zamani. Inatumia mkanda wa taimingi, ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kwa kuwa hujui aliyetangulia alifanya nini, ubadilishe siku ya kwanza. Uzuri wake, mkanda ukikatika injini inazima tu, valvu hazipigwi na pistoni. Ningeipandisha juu zaidi, lakini umri wake sasa umeshakuwa ugonjwa wenyewe. Sili za valvu zimekauka, mipira imekatika, nyaya zimeliwa na hewa ya chumvi.

Ya tano: 1ZZ-FE, na hapa nina kovu

Cc 1794, tamu barabarani. Niliwahi kununua Spacio ya 1.8 ya mwaka 2001, herufi ZZE122, kwa dalali mmoja wa mjini. Siku ya kuijaribu injini ilikuwa ya moto tayari, imetulia, haina moshi. Wiki ya pili natoka Fuoni kwenda Makunduchi, nachomoa kijiti cha oili, kikavu. Nikatia lita moja. Wiki mbili tena, kikavu. Chini hakuna hata tone. Ilikuwa ikiinywa.

Sababu inajulikana. Pistoni za 1ZZ za mwanzo, hadi mwaka 2002 hivi, zina matundu machache na madogo ya kurudishia oili nyuma ya ringi ya oili. Masizi yanaziba matundu, ringi inashika, oili inapanda kuchomwa na petroli. Baadaye pistoni zilibadilishwa na tatizo likapungua. Fundi wa kwanza alinishauri nitie oili nzito, nikatii, gari ikawa nzito na kiu haikukatika. Ilipofunguliwa, ringi zilikuwa zimenata kama zimepigwa gundi. Bloku ni ya alumini yenye silinda nyembamba za chuma, si ya kutoboa kubwa, yaani kupanua silinda, ovyo kwenye karakana za kwetu. Niliishia kutia injini nyingine ya mtumba, na fedha ile ningeliongezea tangu mwanzo ningelipata NZE nzuri.

Kama umeipenda 1ZZ, tafuta ya 2003 kuja juu, na uikague kwa nilivyoeleza chini.

Ya mwisho: 1AZ-FSE, yaani D-4

Hii imeandikwa "D-4" kwenye plastiki ya juu, imo kwenye Noah na Voxy za AZR60 na RAV4 za wakati huo. Petroli inarushwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, masizi yanajaa, gari inatetemeka na kuzima kwenye mataa. Pampu ikianza kuvuja, petroli inaweza kuingia kwenye oili, unusie kijiti. Na la tatu ndilo baya zaidi. Nyuzi za bolti za silinda hedi, yaani kichwa cha injini, kwenye bloku huachia, maji yanapotea kidogo kidogo nyuma ya injini pasipoonekana. Ukiona D-4 ya bei ya kutupa, tambua kwamba kuna mtu anaikimbia.

Siku ya kuikagua

Nenda alfajiri, na mwambie muuzaji asiiwashe. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, aga urudi kesho. Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa baridi. Ukikuta maji ya waridi au kijani, alhamdulillahi. Ukikuta maji kama ya ukwaju na ukoko mdomoni, injini hiyo imelishwa maji ya kisima. Fungua na kifuniko cha oili. Ukikuta uji wa manjano kama urojo, maji yameshakutana na oili, na wewe urojo kaunywe Forodhani.

Zungusha ufunguo bila kuwasha: taa ya injini lazima iwake. Isipowaka kabisa kuna mtu ameitoa. Kisha washa na wewe simama nyuma. Moshi wa buluu wa mara moja kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu. Ukitoka kila ukikanyaga mafuta, mara nyingi ni ringi. Moshi mweupe usiokwisha na gari imeshapata moto, hedi hiyo. Cheni ikigonga sekunde mbili na kunyamaza, jadili bei, ikiendelea, ondoka.

Ukishanunua, mwaga maji yote, osha rejeta, tia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, iliyokwisha changanywa, na chupa moja ibaki kwenye buti.

Mtoto wa ami mwaka huu alinisikia. Kachukua IST ya NCP61, kaivusha kwa meli mpaka Pemba, nami nikamfungia chupa mbili za kulanti kwenye mfuko. Juzi kapiga simu: fundi wa pale anataka kuitoa thamostati, ile valvu inayoshika joto la injini lisipungue wala lisizidi, "ili gari ipoe vizuri". Nikamwambia ampe fundi simu.