Kope za kubandika Kisumu: fundi aliyenitenganishia ukope mmoja mmoja

Mara ya kwanza nilibandikwa kope kwa nusu saa tu, kwenye saluni moja hapa Kisumu, siku moja kabla ya harusi ya binamu yangu. Nilipendeza kweli. Siku ya tano nikawa naamka kope zinavuta, na nikipitisha kidole nahisi vifundo vya gundi. Zilipoanza kudondoka, zilidondoka na zangu. Jicho la kushoto likabaki na pengo pembeni, nikalia.

Ndiyo maana nilipopelekwa na mdogo wangu kwa fundi mwingine, kule Milimani, nilikwenda na hofu. Alinikagua kwa taa akasema, "Pole dada. Walikugandishia kope tatu nne pamoja. Kila moja ina siku zake za kukua na kudondoka, sasa moja ikikua inazing'oa wenzake." Siku hiyo hakunibandika zote. Alinitia kope tatu tu kila jicho, akaniambia nirudi keshokutwa tuone kama gundi itaniwasha.

Haikuniwasha. Niliporudi, alizisafisha kope zangu kwa povu lisilo na mafuta, akafunika za chini kwa pedi za jeli. Nililala nimefumba macho, lakini mdogo wangu alinirekodia kwa simu, na ile video nimeitazama mara nyingi. Mkono wa kushoto umeshika kibano kinachopasua njia katikati ya kope, ukope mmoja unabaki umesimama peke yake. Kibano cha kulia kinachovya ukope wa bandia kwenye tone la gundi na kuulaza juu ya ule wangu, bila kugusa ngozi: anaacha nafasi isiyozidi milimita moja. Kisha anasubiri kidogo kabla ya kuachia. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Saa mbili nzima!

Feni alikataa kuiwasha, na joto la Kisumu mnalijua. Alinieleza kwamba gundi hii ni ya sianoakrilati, inashika kwa unyevu wa hewa, na mvua ikinyesha inaganda hata kabla hajafikisha ukope mahali pake. Ana kipimo cha unyevu ukutani, na tone la gundi alilibadilisha mara kadhaa. Kwa joto lile peke yake ningempunguzia alama, pamoja na kitanda chake chembamba kilichoniumiza mgongo.

Nilitaka urefu wa milimita 14. Akakataa katakata. Kope zangu bado dhaifu, akaniwekea 10 na 11, unene wa milimita 0.15, mkunjo wa C, yaani wa wastani. Nilinung'unika, lakini nilipojitazama kwenye kioo nikaona ni macho yangu mwenyewe, yameamka tu.

Nililipa shilingi 3,000, mara mbili ya kule kwa kwanza, na sijutii hata kidogo. Saa 24 za mwanzo sikuzilowesha kope. Kila asubuhi nazichana kwa brashi yake ndogo, na mafuta ya nazi nimeyahamishia kwenye nywele peke yake. Hii ni wiki ya tatu, zimedondoka kama theluthi, moja moja, hakuna zilizoshikana.

Jumamosi nilienda rifili, yaani kujaziwa zilizodondoka. Alipofika pembeni mwa jicho la kushoto alisimama, akaniletea kioo. Pale penye pengo pameota vikope vifupi. Hakuvibandika kitu, ameviacha vikue kwanza.