Braddock na Baer: Mabingwa Wawili wa Miaka ya Dhiki
Bondia Max Baer alikuwa na konde la kulia lililoogopwa kote Marekani, na mwaka 1934 alimwangusha bingwa wa wakati huo, Primo Carnera, mara kadhaa hadi akautwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. James J. Braddock, bondia ambaye mkono wake wa kulia ulivunjika mara kwa mara, katika miaka hiyo ya mdororo mkubwa wa uchumi alikuwa akibeba mizigo bandarini New Jersey na kupokea fedha za msaada wa serikali ili wanawe wapate kula. Kazi hiyo ndiyo iliyoukomaza mkono wake wa kushoto. Tarehe 13 Juni 1935 alimshinda Baer kwa pointi baada ya raundi 15, akautwaa ubingwa huo. Kwa nguvu, Baer alimzidi. Kwa nidhamu, namchagua Braddock bila kusita, kwani hata zile fedha za msaada alizirudisha.