Tahadhari: muuza katalogi za Plath na Hughes "zenye saini" ni tapeli

Ndugu zangu mnaokusanya vitabu adimu, kuna mtu anauza katalogi za maonyesho mitandaoni, anajitambulisha kuwa mzee mstaafu wa London anayepunguza maktaba yake. Msimtumie hata senti. Mimi kanila laki nne na nusu, na nasema kwa aibu, kwa sababu uongo wake ulikuwa wazi tangu siku ya kwanza.

Nakusanya katalogi za maonyesho, yaani vitabu vinavyochapwa kueleza vitu vilivyoonyeshwa, kuhusu washairi waliooana. Huchapwa nakala chache, zikiisha zimeisha. Niliyokuwa naiwinda ni No Other Appetite, ya maonyesho ya Sylvia Plath na Ted Hughes pale Grolier Club, klabu ya wapenda vitabu ya New York, mwaka 2005. Waandaaji walikuwa Karen Kukil, wakati huo wa Chuo cha Smith, kulikohifadhiwa nyaraka za Plath, na Stephen Enniss, ambaye wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Emory, kuliko na za Hughes. Plath na Hughes walikuwa wakitumia hata karatasi za mwenzake, huyu anaandika nyuma ya rasimu ya yule, halafu miswada ikaishia majimbo mawili tofauti ya Marekani. Sasa waone wamekutanishwa tena kwenye kitabu kimoja! Udenda ulinitoka.

Jamaa akatuma picha nne safi kabisa. Kisha akaongeza meseji: hii ina saini ya Ted mwenyewe, ndiyo maana bei iko juu. Nami nikafurahi! Hughes alifariki Oktoba 1998, katalogi imetoka 2005. Miaka yote miwili naijua kama jina langu, lakini siku hiyo sikuhesabu kitu.

Akataka nilipe kwa ile njia ya kutumiana pesa kama ndugu na marafiki, eti tukwepe makato. Ukilipa hivyo huna pa kudai. Wiki ya pili akasema mzigo umekwama forodha, niongeze elfu tisini. Nikaongeza.

Kilichofika ni fotokopi iliyobandikwa gundi mgongoni. Ukurasa mmoja una kivuli cha kidole gumba cha aliyekuwa akikandamiza kitabu kwenye mashine, na mwingine umekatwa mstari wa chini. Ile saini nayo ni fotokopi, nyeusi ileile ya maandishi mengine. Zile picha nne nilikuja kuzikuta kwenye tangazo la zamani la duka la vitabu la Marekani, ambalo halihusiki kabisa. Nilipomuuliza, akanifungia.

Siku hizi kabla ya kulipa naomba picha ya ukurasa wenye jina la mchapishaji na mwaka, pembeni pawe na kikaratasi kimeandikwa jina langu na tarehe ya leo. Juzi muuzaji mwingine nilimwomba hivyo, akaituma ndani ya dakika kumi. Huyu wetu nilimwomba tangu mwanzo, akajibu kamera yake mbovu. Kamera iliyopiga zile picha nne!

Jana kaweka tangazo jipya kwa jina lingine, maneno yaleyale ya mzee anayepunguza maktaba. Safari hii ni katalogi ya Robert Browning na Elizabeth Barrett Browning, washairi wengine waliooana, kurasa za rangi, "imesainiwa na mke na mume". Elizabeth alifariki Florence mwaka 1861.