Darasa nyota tano, uwakala nyota mbili: nilivyofika Ujerumani na leseni yangu ya uuguzi

Kwanza niseme nilichonunua. Mimi ni muuguzi wa diploma, nimefanya kazi miaka minne katika hospitali ya kaunti kule kwetu Pwani. Februari 2024 nilijiunga na kampuni moja ya Nairobi inayofundisha Kijerumani na hapo hapo kuwatafutia wauguzi kazi. Masomo ya A1 hadi B2, yaani kutoka ngazi ya mwanzo ya lugha hadi ya juu ya kati, yalikuwa shilingi 130,000. Juu yake kulikuwa na 80,000 nyingine, "ada ya kushughulikia faili". Baba aliuza ng'ombe wawili, mimi nikachukua mkopo wa sacco. Sasa niko katika mji mdogo karibu na Kassel, na huu ni mwezi wangu wa tano.

Darasani sina la kulalamika. Siku tulipoanza kulia juu ya der, die na das, vijineno vya Kijerumani vinavyotangulia nomino kulingana na jinsia yake, mwalimu alituangalia tu, kisha akauliza: "Nyinyi mnaosema kiti hiki, ukuta huu, maji haya bila kufikiri, leo mnaogopa ngeli tatu?" Kuanzia wiki ya tatu Kiswahili kilipigwa marufuku mpaka saa ya chai. Tulipofika B1 akaanza kutuletea rekodi za wauguzi wakikabidhiana zamu, wanasema mbio mbio, nasi tuandike nani ana homa, nani hajapata choo, nani asile kabla ya upasuaji. Nilimchukia mwalimu huyo. Leo, saa kumi na mbili asubuhi, nikisimama wodini kupokea zamu, namwombea dua.

Mtihani wa B2 niliufanya Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani jijini Nairobi, pale Maendeleo House. Una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila moja inataka alama 60 kati ya 100. Kusikiliza nilipata 53. Nililia kwenye matatu hadi nyumbani, ila uzuri ni kwamba unarudia sehemu uliyoanguka peke yake. Shule ilinipa wiki sita za mazoezi ya kusikiliza bila kunidai hata shilingi. Hapo nawapa nyota tano bila kusita.

Upande wa kutafuta kazi ndio ulionitia wasiwasi, na ulianza mapema. Septemba 2024 Rais Ruto alipokutana na Kansela Scholz kule Berlin na mkataba wa uhamiaji ukatiwa saini, ofisi ilibandika tangazo mlangoni: nafasi 250,000 za Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha idadi hiyo hadharani, mkataba hauna idadi yoyote. Tangazo halikutolewa. Foleni ya kujiandikisha iliteremka ngazi hadi barabarani.

Halafu kuna mambo ambayo hawakuyasema kabisa. La kwanza ni kazi yenyewe. Kwetu nilikuwa nazalisha, naweka dripu, natoa damu, na usiku mwingine niko peke yangu na wagonjwa arobaini. Kuogesha mgonjwa na kumlisha ni shughuli ya jamaa zake. Hapa jamaa huja na maua, wakaondoka. Anayeogesha, kulisha na kubadilisha nepi ya mzee wa kilo mia ni muuguzi, awe na vyeti au asiwe navyo. Siidharau kazi hiyo, na nimejifunza kumgeuza mtu kitandani bila kujivunja mgongo. Lakini mwenzangu tuliyesafiri pamoja alikuwa msimamizi wa wodi nyumbani, na wiki mbili za mwanzo alikuwa akijifungia chooni kulia. Somo la saa moja kabla ya safari lingetosha.

La pili ni mshahara. Wakala alitutajia euro 2,800 na akanyamaza. Hiyo ni kabla ya kodi na bima. Mkononi napata kama 1,900, na chumba cha wafanyakazi kinachukua 480. Tena hicho ni kiwango cha msaidizi, kwa sababu diploma yangu bado haijatambuliwa kikamilifu. Mamlaka ya jimbo iliniletea barua yenye orodha ya yanayopungua katika masomo yangu, na sasa nafidia upungufu huo kwa mafunzo kazini. Mwingine huchagua mtihani wa mdomo na wa vitendo. Neno "msaidizi" sikulisikia Nairobi hata siku moja.

La tatu ndilo linaloniuma. Wakala alisema ile 80,000 ni ya "kusukuma faili". Mama wa ofisi ya ajira hapa hospitalini, tukinywa kahawa, akanieleza kwamba waliosukuma ni wao: waliomba utaratibu wa haraka kwa ofisi ya wageni ya huku, wakalipa euro 411, ndiyo maana ubalozi ulinipa miadi upesi. Na wakala pia walimlipa, kwa kila kichwa. Kumbe alikula huku na huku. Akanionyesha pia alama ya ubora ya serikali yao, Faire Anwerbung Pflege Deutschland, yaani uajiri wa haki wa wauguzi, ambayo wakala haipati kama anamtoza muuguzi ada ya kutafutiwa kazi. Ningejua kuiulizia, ng'ombe wa baba wangekuwa bado zizini.

Wiki iliyopita kampuni ilinitumia ujumbe ikiniomba niwaandikie maoni mazuri, pamoja na picha yangu nikiwa na sare. Nikawajibu wanitumie kwanza risiti inayoonyesha 80,000 zilitumikaje. Tiki mbili za buluu zipo tangu Jumanne.