Kibegi cha kiunoni cha turubai kutoka kwa fundi viatu Itigi, baada ya msimu mzima porini

Mimi ni traka, yaani mfuata nyayo za wanyama kwenye safari za uwindaji, huu ni msimu wangu wa 7 pori la akiba la Rungwa, na kiunoni kwangu vishapita vibegi vitatu, kwa hiyo hiki nikikisifia si kwamba nakisifia kwa upya wake.

Cha kwanza nilinunua duka moja Kariakoo, elfu 15, bluu iliyokoza, mjini ukikivaa unapendeza kabisa. Porini sasa! Gari likiondoka asubuhi naona ndorobo, wale mbung'o, wote wanahamia kwangu, wenzangu nyuma ya Land Cruiser wamekaa wanapiga stori mimi napigwa mgongoni, kiunoni, mpaka masikioni. Nikadhani ni damu yangu tamu. Gemu mmoja mzee, askari wa wanyamapori, akaniuliza, we kijana, vile vitambaa vinavyotundikwa kwenye miti kutegea ndorobo ushawahi kuangalia vina rangi gani? Bluu na nyeusi. Yaani nilikuwa natembea na mtego kiunoni na nimeulipia mwenyewe. Zipu nayo haikumaliza mwezi wa 8 ikaachia meno, nikampa mdogo wangu anatunzia chenji za biashara yake stendi.

Cha pili niliachiwa na mgeni wa kuwinda, Mmarekani, siku zake 21 za safari zilipoisha. Nailoni ngumu, zipu imeandikwa YKK, mkanda mpana, nikasema hapa nimefika. Kumbe bado. Kwanza kina madoadoa ya kombati, na hapa kwetu raia kuvaa kitu kinachofanana na sare za jeshi ni kesi, sasa ushuke nacho kwenye basi uanze kujieleza nilipewa na mzungu, nani atakusikiliza. Ila kilichoniudhi zaidi ni velkro. Mfuniko wote umeshikwa na velkro, ukifungua inalia kwaraaa kama mtu anachana shuka. Kuna siku tumewafuata palahala, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, tangu saa 12 asubuhi, tumebakiza kama mita 80, nikataka kutoa majivu niyatikise niangalie upepo unaelekea wapi, kwaraaa. Dume akainua kichwa, hakuna tena cha palahala. PH, yaani mwindaji bingwa anayeongoza wageni, hakunisema, aliniangalia tu, na bora angenisema.

Ndo nikaenda kwa fundi viatu Itigi. Nikampelekea kipande cha turubai kuukuu la lori, lile limeshapauka halijulikani ni kijani au ni vumbi, nikamwambia nataka sentimita 22 kwa 14, unene 8, basi, kisizidi hapo, maana kibegi kikiwa kikubwa utakijaza tu, binadamu ndivyo tulivyo. Hakina zipu wala velkro. Kina kifungo kimoja cha mti kinachopita kwenye kitanzi cha ngozi, nafungua kwa vidole viwili na hakitoi sauti yoyote. Elfu 30 na mkanda wake wa ngozi upana wa vidole vitatu. Aliniambia njoo kesho, ikawa kesho ya mafundi, siku ya nne ndo nikakipata.

Kitu ambacho watu wengi hawakifikirii ni mkanda. Usiupitishe kwenye vitanzi vya suruali! Uwe juu yake, peke yake, uweze kuuzungusha. Mimi stiki za kulengea, zile fimbo za kuegemezea bunduki, nabeba bega la kulia kwa hiyo kibegi kinakaa kushoto, tukianza kutambaa nakisukuma kinaenda mgongoni, tukipanda gari nakileta mbele nisikikalie. Kile cha mzungu nilikuwa nakivaa nimekipitisha kwenye suruali, ukitambaa kinachimba ardhi kama jembe.

Ndani sasa. Soksi ya mtoto yenye majivu inakaa juu kabisa, hiyo naitoa mara mia kwa siku. Karatasi ya chooni nusu roli, si kwa unachofikiria tu, mnyama akijeruhiwa kila penye damu nabandika kipande kwenye jani, damu ikipotea nageuka nyuma naona mstari mweupe unaniambia alikuwa anaelekea wapi. Tochi ya kichwani, kwa sababu kumfuatilia nyati aliyejeruhiwa kunaweza kukuacha kilomita nyingi kutoka kwenye gari na jua limezama, na hapo ni ya kurudia kambini, kuwinda usiku ni marufuku. Bandeji mbili pana za nyoka, unafunga mguu usitikisike, mtu anatulia, anabebwa hospitali, mambo ya kuchanja na kunyonya achana nayo. Kiberiti kwenye kichupa cha dawa, ORS paketi mbili, kinoo kidogo, kamba mita 3. Kisu hakiingii humo, kisu kinakaa kwenye mkanda.

Risasi mimi sibebi, lakini wewe unayewinda kwa leseni yako mwenyewe usizimwage tu humo ndani. Zinagongana, na risasi moja ya .375, ya bunduki ya wanyama wakubwa, ni kama gramu 40, kumi tu ushafika karibu nusu kilo inayokuvuta upande mmoja siku nzima. Tafuta mkanda wenye vishikio vyake, kwenye kibegi weka leseni na karatasi za bunduki, ndani ya kitu kisichopitisha jasho. Zangu za kitambulisho zilishawahi kulowa jasho zikawa uji.

Kasoro zipo. Turubai likilowa linakuwa zito na halikauki, mvua za mwezi wa 12 nililitundika juu ya moto usiku kucha likatoka linanuka moshi wiki nzima, na moshi huo sijui wanyama waliuonaje. Ndani hakuna mifuko midogo, kila kitu kinalala pamoja, kinoo kishatoboa ORS nikakuta chumvi kila mahali hadi kwenye tochi. Na kitanzi cha ngozi kimeanza kulegea, juzi kifungo kimechomoka chenyewe nikitambaa, bahati nikaiona soksi nyuma yangu.

Mwezi wa 6 namrudishia fundi kabla msimu haujafunguliwa Julai, aongeze mfuko wa ndani na abadilishe kitanzi. Nimempigia simu, keshaanza kuniambia ngozi imepanda bei.