tint2 juu ya i3: taskibaa na trei kwa mashine ya steshenari, nimeikubali ila ina mambo yake

Wakuu, hii ni rivyuu ya tint2, ile paneli ndogo ya Linux (ukanda wenye orodha ya madirisha, ikoni na saa), naitumia juu ya i3 kwenye kompyuta ya steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Niseme mapema tu, kama mashine unaigusa peke yako na shotikati zote ziko vidoleni, hii kitu huihitaji, pita zako. Ila kama mnashea, hasa mashine ya biashara, iweke leo leo.

Kwa asiyeijua i3, ni meneja wa madirisha iliyoanzishwa na Michael Stapelberg mwaka 2009, yenyewe kwa kawaida haiachi madirisha yalaliane, ukifungua la kwanza linajaa skrini nzima, ukifungua la pili wanagawana, na karibu kila kitu unaendesha kwa kibodi. Nyepesi balaa, ndo maana nimeiweka kwenye mashine ya mtumba ambayo mfumo uliokuwepo ulikuwa unaihemesha. Sasa ile baa inayokuja nayo, i3bar, inakuonyesha namba za wokspesi (zile skrini pepe unazohama kati yake), saa, chaji na trei (sehemu ya ikoni ndogo za programu zinazoendelea) basi, orodha ya madirisha yaliyofunguliwa hakuna. Ukiwa mwenyewe unajua brauza iko 1, barua za wateja ziko 2, skana iko 3. Dogo wa kaunta anajulia wapi?

Picha yenyewe iko hivi. Mama mmoja mwalimu kaja kurekebisha CV, wanaandika pale, dogo kidole kinateleza anabonyeza Super (kitufe cha Windows) na 7, wokspesi tupu, skrini nyeusi tii. "Baba, mbona kazi yangu imepotea?" Dogo naye kwa kujiamini kabisa, "Subiri kidogo mama, kompyuta imezima." Haijazima chochote, CV iko palepale kwenye 2 haijaguswa, ila hakuna sehemu ya kubofya ili irudi, na mama wa watu ashaanza kukunja uso na foleni ya fotokopi nyuma yake inasikiliza.

Hapo ndo tint2 inapolipa. Kwenye Debian ni sudo apt install tint2, halafu kwenye konfigi ya i3 unaongeza mstari exec --no-startup-id tint2 ili iwake yenyewe. i3 inaitambua kuwa ni paneli, inaitengea ukanda wake juu au chini ya skrini na madirisha hayaifuniki. Hii sio kila meneja wa madirisha anafanya, dwm kwa mfano ilivyo bila kuchokonolewa hata trei haina, inabidi upachike patchi kwenye kodi ya C na ukompaili upya, mimi muda huo sina, watu wanasubiri kuprinti.

Setingi ziko kwenye ~/.config/tint2/tint2rc na ni faili la kawaida la maandishi. Muhimu kuliko zote ni taskbar_mode = multi_desktop, maana ukiacha single_desktop itakuonyesha madirisha ya wokspesi uliyopo tu, na hiyo haimsaidii dogo hata chembe, yaani lile lililopotea ndo halionekani. Ukiweka multi_desktop madirisha yote yanapangwa pale chini na majina yake, anaona "CV ya mwalimu", anabofya, i3 inampeleka. Kisha panel_items = TSBC, T ni taskibaa, S trei, B betri, C saa. Ukibadilisha kitu huna haja ya kulogauti, piga killall -SIGUSR1 tint2 inasoma faili upya. Kuna na tint2conf kwa wanaopenda kubofyabofya, mi naona faili ni haraka zaidi.

Betri hapo nisiipite. Umeme ukikatika laptopu inaendelea kwa chaji yake na mteja hata hajui, ukishaweka battery_low_status na battery_low_cmd inakupigia kelele kabla haijafa, kwa steshenari hiyo peke yake inatosha kuihalalisha.

Trei sasa, hapa ndo wengi wanakwama halafu wanasema tint2 mbovu. Kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, trei inamilikiwa na programu moja tu kwa wakati mmoja, na i3bar nayo inaitaka, kwahiyo mmoja ndo anakula, mwingine anabaki na nafasi tupu. Dawa ni kuandika tray_output none ndani ya kile kipande cha bar kwenye konfigi ya i3, ukarestati, ikoni zinahamia chini. Mimi i3bar nimeiacha juu kwa ajili ya namba za wokspesi, tint2 iko chini, hawagombani tena. Pale kwenye trei nina nm-applet ya waifai na ikoni ya sauti, zinatosha. Faida nyingine ya trei ni zile apu za kuchati ambazo ukizifunga hazifungi, zinajificha kwenye trei, sasa kama trei hakuna zinabaki zinafanya kazi huko gizani zinakula bando na huoni pa kuzizimia.

Yanayokera. Moja, i3 haina habari za kuminimaizi, kwahiyo mtu aliyezoea kubofya dirisha chini ili lishuke atabofya mpaka achoke, haliendi kokote, inabidi umfundishe kuwa hapa unahama, hushushi. Pili na hili ndo kubwa, tint2 inaelewa trei ya zamani tu, ile ya XEmbed. Programu nyingi za siku hizi zinatuma ikoni kwa njia mpya inayoitwa StatusNotifierItem inayopita D-Bus (njia ya programu kutumiana ujumbe), na nyingine hazirudi nyuma kwenye ya zamani hata kidogo, matokeo yake ikoni haionekani na unabaki kudhani programu haijawaka. Kuna kidaraja kinaitwa snixembed kinachozigeuza, ukikiwasha kabla ya hizo programu zinatokea, ila ni kitu cha tatu cha kukumbuka kuwasha na mimi nilitaka paneli moja imalize kazi.

Muonekano wa mwanzo nao sio wa kuringia, kabla hujagusa rangi inakaa kizamani. Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja imekatwa na mambo ya ikoni.

Kama ushahamia Wayland, mrithi wa X11, na unatumia Sway (ndugu wa i3 wa huko) usihangaike na tint2 maana yenyewe ni ya X11, chukua paneli ya Waybar, ina moduli ya wlr/taskbar na ya tray, na hiyo trei yake inaelewa StatusNotifierItem moja kwa moja bila kidaraja.