Simu za wafanyakazi kupitia programu za kazi: nini ununue Lubumbashi, na kipi kitangulie

Kampuni nyingi za Lubumbashi tayari zinalipia Microsoft Teams, Zoom au Google Workspace kwa ajili ya barua pepe, mafaili na mikutano. Baadaye patroni anauliza kwa nini mfanyakazi asimpigie mteja wa Likasi simu ya kawaida kutoka kwenye programu hiyohiyo. Inawezekana, ila programu ndiyo kitu cha mwisho kununua. Cha kwanza ni laini: mteja atapiga namba gani, namba hiyo imeandikishwa kwa jina la nani, na simu itaingiaje ndani ya buro. Anayeanza na programu huishia kulipia leseni ambazo hata kitufe cha kupiga namba hakionekani.

Mpangilio huu umewekwa kwa buro isiyozidi watu 40, ambayo wateja wake wengi wako kwenye Vodacom, Airtel, Orange na Africell.

Hesabu laini kabla ya kuuliza bei

Kosa la kawaida ni kununua laini moja kwa kila mfanyakazi, au kinyume chake, laini mbili kwa buro nzima. Chukua saa ngumu zaidi ya siku, tuseme saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Watu 12, kila mmoja akiwa kwenye simu dakika 10 ndani ya saa hiyo, wanafanya dakika 120 za maongezi. Kwa kanuni ya Erlang, ambayo mafundi wa simu wameitumia zaidi ya miaka 100, laini 4 zitakataa karibu simu 1 kati ya 10. Laini 5 zitakataa kama 1 kati ya 27, na laini 6 kama 1 kati ya 80. Kwa hiyo buro ya watu 12 inahitaji laini 6, wala haina haja ya 12.

Intaneti nayo ihesabiwe. Simu moja kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 inakula karibu kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na 87 kurudi, sawa na megabaiti 78 kwa saa. Simu 6 kwa pamoja hazifikii hata megabiti 1 kila upande. Kinachoharibu sauti kwa kawaida ni ucheleweshaji na kuyumba kwa intaneti, hasa mtu mmoja anapopakia video huku wengine wanaongea. Dishi la zamani linalotegemea setilaiti ya kilomita 35,786 juu ya ikweta lina ucheleweshaji wa zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na watu wataanza kukatizana maneno. Faiba na 4G iliyotulia zinafaa. Starlink, iliyopata leseni nchini mwaka 2025, inafaa pia kwa sababu setilaiti zake ziko chini, ingawa sauti inaweza kukatika kidogo pale dishi linapohama kutoka setilaiti moja kwenda nyingine.

Chaguo la 1: PABX ndogo, geitiwei ya GSM, na programu kwenye simu za wafanyakazi

Kwa buro nyingi za hapa hili ndilo bora, na sababu ni moja tu: mteja anapiga namba ya kawaida ya Kongo na analipa bei ya kawaida. PABX ni mtambo mdogo unaogawa simu. Unaweza kuchukua kisanduku tayari kama Grandstream UCM6301 au Yeastar, au ukaweka FreePBX, ambayo ni ya bure, kwenye kompyuta ndogo ukiwa na fundi anayeijua Linux kweli. Geitiwei inabeba kadi za SIM na kuzigeuza kuwa laini za mtandao. Kwenye jamii ya Yeastar TG namba ya modeli inakwambia ukubwa: TG200 ina nafasi 2 za SIM, TG400 ina 4, TG800 ina 8. Nunua toleo la 4G. La 2G ni la bei rahisi, lakini utalinunua mara mbili.

Wafanyakazi hawahitaji simu za mezani. Programu ya PABX inaingia kwenye simu zao na kompyuta zao, kila mtu na namba yake ya ndani, 101, 102 na kuendelea. Mapokezi peke yake yapewe simu ya mezani inayopata umeme kupitia waya wa mtandao.

Kadi za SIM ziandikishwe kwa jina la kampuni, kwa RCCM (namba ya rejista ya biashara), Id. Nat. (namba ya kitaifa ya kampuni) na namba ya kodi. Hili halina mjadala. SIM iliyo kwa jina la mfanyakazi inaondoka naye siku anapohamia Kolwezi, na wateja wanaondoka na namba. Usiweke kwenye geitiwei SIM za forfait (kifurushi) ya mtu binafsi: mtandao ukiona SIM moja inapiga mfululizo kutwa nzima bila kuhama mnara, unaichukulia kama ya wizi wa simu za kimataifa na kuifunga. Omba mkataba wa flotte ya kampuni, yaani SIM nyingi chini ya mkataba mmoja, ueleze kwa maandishi kwamba kadi zitakaa ndani ya geitiwei kwa simu za buro yako tu, na ubaki na nakala yenye muhuri. Kupitisha simu za watu wengine au za kutoka nje ni kosa linalofuatiliwa na ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na simu nchini.

Faida inayosahaulika ni kupanga njia kwa mtandao. Weka SIM ya kila mtandao, kisha iambie PABX: namba zinazoanza na 081, 082 na 083 zitoke kwa Vodacom, 097, 098 na 099 kwa Airtel, 084, 085 na 089 kwa Orange, 090 na 091 kwa Africell. Fakture inashuka pale ambapo simu za ndani ya mtandao ni rahisi zaidi. Ubaya wake ni kwamba mteja huyohuyo anaweza kuona namba tofauti za buro yako, kwa hiyo namba zote zikipigwa ziangukie mapokezi, na kwenye karatasi za kampuni iandikwe namba moja tu.

Yanayoharibika hapa yanajulikana. Mteja akipiga na kusikia mlio mwingine unaosubiri apige namba badala ya mtu, geitiwei haijaambiwa ipeleke simu wapi; kila nafasi ya SIM ipangiwe kundi la kupokea. Mteja akisikika na wewe husikiki, au kinyume chake, ingia kwenye ruta uzime SIP ALG, kipengele chake kinachobadilisha ujumbe wa simu za intaneti, kabla ya kugusa kitu kingine. Kubonyeza 1 au 2 kusipofanya kazi, weka DTMF (ishara za vitufe) kwenye RFC 2833 pande zote mbili, kwenye PABX na kwenye geitiwei. Sauti ikikwaruza, angalia antena: chini ya mabati na nyuma ya kabati la chuma mawimbi yanakufa. Isogeze karibu na dirisha mpaka kipimo cha mawimbi kiwe -85 dBm au karibu zaidi na sifuri.

Ujumbe wa kupokea rekodi kwa lugha mbili na usizidi sekunde 10: jina la kampuni, “Kwa Kiswahili bonyeza 1”, na sentensi hiyohiyo kwa Kifaransa kwa namba 2. Mteja anayetumia inite zake hataki kusikiliza tangazo.

Chaguo la 2: Teams yenye Direct Routing

Hili linapanda kuwa la 1 kama kampuni yako tayari ina Microsoft 365 E5, kwa sababu leseni ya Teams Phone imo ndani yake. Wenye leseni ndogo zaidi watalipia Teams Phone kwa kila mtu. Mpango wa simu unaouzwa na Microsoft yenyewe, wenye namba na dakika, haupo kwa Kongo. Njia iliyobaki ni Direct Routing: kuiunganisha Teams na laini zako mwenyewe kupitia SBC, kifaa au programu inayosimama mlangoni kati ya Microsoft na mtandao wa simu. Microsoft inatoa msaada rasmi kwa SBC zilizo kwenye orodha yake tu, zikiwemo za AudioCodes, Ribbon na Oracle. 3CX, ambayo ni programu ya PABX, nayo ina njia yake ya kuungana na Teams, na kwa buro ndogo ndiyo nyepesi kuliko zote.

SBC inahitaji jina lake kwenye domeni ya kampuni, kwa mfano sbc likifuatwa na domeni yako ya .cd. Jina la onmicrosoft.com halikubaliwi. Inahitaji cheti cha usalama cha mtandao kutoka kwa mtoaji anayetambuliwa na Microsoft, pamoja na anwani ya IP ya umma, kitu ambacho intaneti nyingi za 4G hazitoi. Wapo wanaoiweka SBC kwenye seva ya kukodi kwa sababu hiyo. Kwenye firewall, kinga ya mtandao wako, fungua mlango (port) 5061 wa TLS kwa ishara za kuanzisha simu, na milango ya UDP 3478 hadi 3481 na 49152 hadi 53247 kwa sauti. Wengi hufungua wa kwanza na kusahau hii mingine: simu inalia, mtu anapokea, kimya.

Baada ya hapo kila mfanyakazi anahitaji vitu vitatu: leseni ya Teams Phone, namba iliyoandikwa kwa umbo la +243 na tarakimu 9, na sera ya njia za simu. Kimoja kikikosekana pedi ya namba haitokei kwenye Teams. Kabla ya kumlaumu mtu, subiri: mabadiliko yanaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku nzima. Weka pia kanuni inayogeuza 0 ya mwanzo kuwa +243, maana hakuna mtu Lubumbashi anayepiga namba ya jirani yake kwa kuanza na +243.

Muuzaji aandike kwenye ofa yake mambo mawili: kwamba leseni inafanya kazi kwa akaunti iliyosajiliwa Kongo, na kwamba yeye ndiye atakayeshughulikia kuhuisha cheti. Cheti kikiisha muda, simu zote zinakufa asubuhi moja.

Chaguo la 3: flotte na WhatsApp Business

Watu watano au chini yao wasijisumbue na PABX. SIM za kampuni kwenye flotte zinatosha, pamoja na WhatsApp Business kwenye namba moja. Namba hiyo inaweza kuunganishwa na vifaa vingine vinne. Simu kuu isipotumika siku 14, vifaa hivyo vinatolewa. Jua mpaka wake: WhatsApp haipigi simu ya kawaida, na mteja asiye na mega hakupati.

Chaguo la 4: namba ya nje

Zoom Phone na huduma za namna hiyo zina maana kama wateja wako wako Johannesburg au Brussels na unataka wapige namba ya kwao. Kwa kupigia simu za Kongo, zinapita njia ya kimataifa: dakika ni ghali, na mteja akiona namba ya kigeni mara nyingi hapokei.

Google Voice haiuzwi Kongo. Usinunue akaunti yake kupitia anwani ya ndugu aliye Ulaya au Marekani. Ikifungwa huna wa kumlalamikia. Na Skype ilifungwa tarehe 5 Mei 2025, kwa hiyo anayekuuzia krediti zake anakuibia.

Umeme, hedseti na wezi

SNEL, kampuni ya umeme, ikikata, simu za wafanyakazi zina betri lakini ruta haina. Ruta, swichi, PABX na geitiwei kwa pamoja zinakula kama wati 60. Onduleri ndogo yenye betri ya volti 12, Ah 7, ina saa-wati 84 kwenye karatasi na haikufikishi saa moja. Betri ya lithiamu ya volti 12.8, Ah 100, ina 1,280 na inakuvusha usiku mzima. Hapa usibane pesa.

Hedseti iwe ya waya wa USB na maiki ya mkono, ikae vidole viwili kutoka pembe ya mdomo. Jenereta ikiwaka nje, maiki ya kompyuta inamsomea mteja jenereta.

PABX iliyo wazi kwenye intaneti hupatikana na wezi haraka. Hupenda Ijumaa usiku, wapige namba ghali za nje mpaka Jumatatu. Nenosiri la 101 lisiwe 101. Zima simu za kimataifa kwa kila namba ya ndani isiyozihitaji, na weka kikomo cha inite kwenye kila SIM.

Bakiza theluthi ya malipo ya fundi mpaka vipimo hivi vipite mbele yako: simu 6 kwa pamoja kwa dakika 15, simu kutoka kila mtandao kuingia, kuhamisha simu kutoka mapokezi hadi 105, na kuchomoa umeme huku mtu akiongea.